Wahi Hospitali, Lipia Dirishani

Kwenye kuta za vituo vingi vya afya nchini Tanzania utakuta karatasi za aina mbili. Moja ni bango la rangi linalomhimiza mama amwahishe mtoto mwenye homa kituoni. Nyingine imebandikwa kando ya dirisha la malipo, imechapwa kwa herufi ndogo, na ni orodha ya bei. Mgonjwa husoma zote mbili, ila huifuata ya pili. Historia ya elimu ya afya katika Afrika Mashariki imezoea kuandikwa kana kwamba hiyo karatasi ya pili haipo. Kila wananchi wanapopuuza ushauri, huambiwa ni ujinga, ushirikina au mila potofu, na mara chache sana mtu huulizwa alikuwa na shilingi ngapi mfukoni siku hiyo.

Tuanzie Zanzibar. Kipindupindu kilichoupiga mji mwishoni mwa mwaka 1869 kilitokea bara, kikiteremka na misafara ya biashara kupitia nchi ya Wamasai hadi Pangani, ndipo kikavuka maji. Tunayajua haya kwa sababu daktari mmoja Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Unguja, James Christie, aliamua kuwauliza wenye misafara. Aliwahoji walipita wapi, waliona nini, na ni kijiji kipi walikikuta kitupu. Majibu yao akayaunganisha mpaka akapata ramani ya njia ya ugonjwa, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kizima juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki. Kinachonivutia mimi ni kwamba habari zilikuwepo muda wote. Wapagazi na wachuuzi walijua kwamba kifo kinashuka pwani pamoja nao, lakini ujuzi wao haukuwa na mahali pa kupelekwa.

Sayyid Barghash alishika utawala mwaka 1870, mji ukiwa ndio kwanza unatoka misibani. Alikuwa ameishi uhamishoni Bombay, akajionea mji mkubwa unavyoendeshwa. Katika utawala wake alivuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji, watu wakayapata bure. Hakuna mahubiri ya usafi ambayo yangeshindana na mfereji ule. Ukimwambia mtu asinywe maji ya kisima kichafu huku kisima kingine hana, umemwongezea hofu tu.

Wakoloni walikuja na lugha nyingine, nayo ilikuwa lugha ya amri. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, mtaa wa maduka ya Wahindi ulichomwa moto. Ugonjwa wa malale ulipoua watu wanaokadiriwa kuzidi laki mbili kandokando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, serikali iliwahamisha kwa nguvu wakazi wa ufukweni na visiwani. Huko visiwa vya Sese, Robert Koch, Mjerumani mwenye sifa kubwa kuliko madaktari wote wa zama zake, alijaribu dawa yenye aseniki iliyoitwa Atoxyl, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Watu walikimbia kambi za matibabu, na taarifa za wakubwa zikaandika kwamba wenyeji ni wakaidi. Sijui ni mtu gani mwenye akili timamu angebaki pale akingoja sindano.

Baadaye ndipo yakaja maelezo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, likawa jukwaa la mawaidha kwa wasomaji wa Kiswahili. Kati ya 1935 na 1937 kikundi kilichoweka kituo Vugiri, katika milima ya Usambara, kilitengeneza filamu fupi 35 kwa ajili ya Waafrika, nyingine zikihusu safura na malaria ya watoto wachanga, kisha kikazizungusha kwa lori na jenereta kuanzia Tanganyika hadi Nyasaland. Sauti ilitoka kwenye sahani za santuri. Kuna kisa ambacho wataalamu wa mawasiliano wamekisimulia kwa miaka mingi: ati wanakijiji walipoonyeshwa mbu aliyekuzwa akajaza kitambaa chote cha sinema, walishusha pumzi na kusema kwao hakuna mbu wakubwa namna ile. Nani alikiona kwa macho yake, hasemi mtu. Mimi huwaza kwamba kama kweli kuna mzee aliyelitamka neno hilo, basi alikuwa akimtania bwana wa filamu, na mwenyewe hakung'amua.

Uhuru ulipopatikana, maradhi yaliwekwa katika orodha ya maadui watatu wa taifa, pamoja na ujinga na umaskini. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilielekeza nguvu vijijini, zahanati zikajengwa, na matibabu katika vituo vya umma yakawa bure. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku tiba ya kibinafsi ya kutafuta faida. Katikati ya kipindi hicho ndipo ilipofanyika kampeni ambayo hadi leo haijapata mfano wake hapa kwetu.

Mtu ni Afya ilianza kusikika redioni mwaka 1973, chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Taasisi ilikuwa imejipima kwanza kwa kampeni ndogo, Kupanga ni Kuchagua ya 1969 na Wakati wa Furaha ya 1971, ya miaka kumi ya Uhuru. Safari hii walilenga watu milioni nzima. Waliofika walikuwa takribani milioni mbili.

Inafaa kutazama jinsi ilivyofanya kazi, maana siku hizi neno kampeni limebaki kuwa fulana na kofia. Viongozi wa vikundi, makumi ya maelfu, walifundishwa kabla. Vitabu vilichapwa kwa Kiswahili chepesi na maandishi makubwa, kwa sababu wasomaji wengi walikuwa ndio kwanza wamejua kusoma. Kila wiki, kwa wiki kumi na mbili, watu walikaa mahali pamoja na redio, pengine moja tu kijijini. Walisikiliza kipindi, kiongozi akasoma sura ya wiki hiyo, ikiwa ni malaria, kichocho, safura, kuhara damu au kifua kikuu, kisha mjadala ukafunguliwa. Hawakuruhusiwa kutawanyika kabla ya kukubaliana watafanya nini kabla ya kukutana tena, iwe kufyeka nyasi, kufukia madimbwi, kusafisha kisima au kuchimba choo. Wiki iliyofuata waliulizana. Ukiwa hukuchimba, aliyekuuliza alikuwa jirani yako anayejua una jembe na una watoto wa kiume watatu, basi udhuru ulikuwa mgumu.

Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Wanaoisifu kampeni ile huitaja redio, wengine hutaja nidhamu ya TANU na mabalozi wa nyumba kumi. Yote yalikuwepo. Lakini naona jambo kubwa zaidi ni kwamba karibu kila walichoambiwa wakifanye kiligharimu jasho, na jasho wanakijiji walikuwa nalo. Kilichohitaji fedha, yaani dawa na mganga wa zahanati, kilibebwa na serikali. Ujumbe na bei vilikuwa vinasema kitu kimoja. Haikudumu sana. Operesheni Vijiji ilizidi kushika kasi, mamilioni ya watu wakahamishwa, na bila shaka vyoo vingi vilivyochimbwa mwaka 1973 viliachwa nyuma pamoja na miembe. Mwaka 1974 kipindupindu kilirudi nchini baada ya miaka mingi, na mwaka 1977 kikalipuka vibaya zaidi.

Azimio la Alma-Ata la Septemba 1978 liliitaja afya ya msingi kuwa njia ya kuwafikia wote kufikia mwaka 2000, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotolewa mfano. Mwezi uliofuata majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera. Vita, bei ya mafuta na kuporomoka kwa mazao ya biashara vilimaliza hazina. Miaka ya themanini zahanati ilikuwepo, mganga alikuwepo, dawa hazikuwepo.

Benki ya Dunia ilikuwa na dawa yake. Waraka wake wa 1987 kuhusu kugharimia afya ulipendekeza wagonjwa watozwe ada, kwa hoja kwamba fedha zitabaki kituoni na huduma itakuwa bora. Kenya ilianza Desemba 1989. Katika kliniki maalumu ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, watafiti walihesabu wagonjwa kabla ya ada na baada yake. Mahudhurio ya wanaume yalianguka hadi asilimia 40 ya yale ya awali, ya wanawake hadi asilimia 65. Ilikuwa ni wakati ambapo UKIMWI ulikuwa ukisambaa mjini, na ilikwishajulikana kwamba kisonono na kaswende visivyotibiwa humrahisishia virusi njia. Serikali iliyokuwa ikitoa mabango ya kuwataka watu wajitokeze kutibiwa ndiyo hiyo hiyo iliyowawekea kizuizi mlangoni. Ada ilisitishwa Septemba 1990, kisha ikarudishwa kidogokidogo.

Tanzania ilianza uchangiaji mwaka 1993, ikiteremka kutoka hospitali kubwa kwenda za wilaya. Kwenye karatasi watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wenye magonjwa kama kifua kikuu walisamehewa. Ni vizuri kukumbuka kifua kikuu hapa, kwa sababu mpango wa taifa ulioanza 1977, ambao Karel Styblo alikuwa mshauri wake, ulitoa dawa bure na kumfuatilia mgonjwa hadi apone, na ndio uliokuja kuwa kiolezo cha dunia nzima. Kwa wengine msamaha ulikuwa na matundu. Mjamzito huambiwa hatozwi kujifungua, kisha hupewa orodha ya kwenda nayo siku ya uchungu: glavu, pamba, wembe, mpira wa kutandika kitandani. Mtoto huonwa bure, halafu mama yake hukabidhiwa daftari alilonunua mwenyewe, daftari lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, ambamo mganga ameandika dawa ambayo haipo dirishani. "Kanunue nje." Nje ni duka la dawa lililo hatua chache kutoka getini, na mwenye duka hakopeshi. Uganda ilifuta ada katika vituo vya serikali mwaka 2001, muda mfupi kabla ya uchaguzi mkuu, foleni zikarefuka mara moja. Waliorefusha foleni hizo walikuwa wagonjwa tangu zamani.

UKIMWI ndio uliokuza taaluma yenyewe ya kutangaza afya. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, mahali ambapo watu waliuita Juliana, jina la nguo za magendo zilizoingia na wafanyabiashara wa mpakani. Kwa miaka mingi mabango yalitegemea mafuvu na vitisho. Vijana wakajibu kwa mzaha, wakazipa herufi za AIDS, jina lake la Kiingereza, kirefu chao wenyewe, "Acha Iniue Dogodogo Siachi". Mzaha huo uliwakera sana wazee. Mimi nauona kama tathmini ya kampeni iliyofanywa na wahusika wenyewe, bila malipo.

Kilichofaulu zaidi kilikuwa hadithi. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Mkwaju, dereva wa lori, ana mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu yuko nyumbani akihangaika na watoto. Kitu kisicho cha kawaida ni kwamba kwa miaka miwili ya mwanzo eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo, ili watafiti wapate mahali pa kulinganisha. Walioukosa na walioupata wakapimwa, na kwa waliousikia kulionekana mabadiliko katika uzazi wa mpango na katika kujikinga na virusi. Mkwaju hakuhubiri. Aliharibikiwa polepole, jioni baada ya jioni, na watu wakamjadili kama wanavyomjadili shemeji.

Lakini kuijua kinga ni jambo moja, kuipata tiba ni jingine. Mwaka 2000 dawa za kupunguza makali ziliuzwa kwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mwaka uliofuata kampuni ya Cipla ya India ikasema inaweza kuziuza kwa dola 350, na soko likatetemeka. Tanzania ilianza kuzigawa bure mwaka 2004, sehemu kubwa kwa fedha za Marekani na za Mfuko wa Dunia. Hapo ndipo ujumbe wa "kapime" ulipopata maana. Kabla ya hapo ulikuwa unamwalika mtu aje asomewe hukumu.

Malaria ina mafunzo yake. Wanawake wa pwani, Bagamoyo na kwingineko, waliwaeleza watafiti miaka ya tisini kwamba malaria wanaijua, ni homa, na hutibiwa hospitali. Degedege, mtoto anapokakamaa na kugeuza macho, hilo lilikuwa jambo la mganga wa jadi, na wengi waliamini sindano itamuua. Mabango yalisema malaria ni homa, na wao walikubali kabisa. Degedege ambalo ni malaria iliyopanda kichwani halikuwa limetajwa popote. Halafu hata dawa zenyewe zilibadilika: klorokwini iliondolewa mwaka 2001, ikaja dawa ya SP, na kufikia mwishoni mwa 2006 zamu ikawa ya dawa mseto, iliyo ghali zaidi. Mama aliyefundishwa mara tatu katika muda wa miaka sita ana haki ya kuuliza la nne litatangazwa lini.

Vyandarua vilizua ubishi mkubwa. Kilombero na Ulanga, kuanzia 1997, vilitangazwa na kuuzwa kwa jina la Zuia Mbu, na vifo vya watoto vilipungua. Kukawa na imani kwamba cha bure hakithaminiwi, ndipo ikaja Hati Punguzo mwaka 2004 kwa wajawazito, ambao waliongezea kiasi kidogo dukani. Kisha wachumi wawili wakaenda magharibi mwa Kenya kupima imani hiyo. Chandarua kilipopanda kutoka bure hadi senti 60 za dola, waliokichukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia, na waliopewa bure walikitundika sawasawa na walionunua. Tanzania ilihamia ugawaji wa bure kwa wote, na wimbo wa Malaria Haikubaliki wa 2010 ukapigwa wakati neti zenyewe zikiwa njiani kuelekea vijijini. Mambo hayo mawili yalipokwenda pamoja, watu walilala ndani ya neti.

Mwaka 2011 taifa zima lilitazama Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Misururu ya magari ilifika kilomita nyingi porini, matajiri na maskini pamoja, na wapo walioacha dawa zao za kupunguza makali. Wataalamu walilaumu ushirikina. Tazama huduma yenyewe: bei ilikuwa moja kwa waziri na kwa mkulima, ilijulikana kabla hujatoka nyumbani, ulilipa mara moja, hukutumwa kipimo, hukuambiwa urudi kesho daktari yuko semina. Nauli ndiyo iliyowamaliza watu, kwa kuwa wenye magari waliipandisha watakavyo. Kikombe hakikutibu, ila hakuna hospitali ya serikali iliyowahi kuwa na utaratibu ulioeleweka upesi kiasi kile.

Miaka iliyofuata imekuwa ya viongozi kusema wenyewe. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilimkuta Rais mpya, John Magufuli, akifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba na kushika fagio. Mwaka 2020, korona ilipoingia, Rais huyohuyo alitangaza kwamba sampuli za papai na mbuzi zimeonekana na virusi, takwimu zikakoma kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na taifa likaelekezwa kwenye sala na kujifukiza. Tangawizi na ndimu zikapanda bei sokoni. Kuhusu nyungu, kama kujifukiza huko kulivyoitwa, yamesemwa mengi ya kubeza. Mimi naongeza moja tu, kwamba ilikuwa tiba pekee katika msimu ule ambayo kila kaya ingeweza kujigharimia, sufuria, maji, majani na shuka. Oksijeni ilikuwa na ankara. Rais aliyemfuata, Samia Suluhu Hassan, alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021, chanjo ikawa bure, lakini wengi walisita, kwani miezi sita tu nyuma walikuwa wameambiwa na Ikulu ile ile waitilie shaka. Iliwabidi wahudumu wapite nyumba kwa nyumba kuwapata.

Ugonjwa wa Marburg uliibuka Kagera Machi 2023, serikali ikautangaza upesi, watu sita wakafa, na Juni ukatangazwa kwisha. Januari 2025, kule Biharamulo, Shirika la Afya Duniani lilisema kuna dalili, Wizara ikakanusha, na tarehe 20 Rais akasimama Dodoma pamoja na mkuu wa shirika hilo kuthibitisha kwamba upo. Siku hiyohiyo, mjini Washington, Donald Trump aliapishwa na kutia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje. Miradi ya UKIMWI na malaria iliyolipiwa na Marekani ikaamriwa kuacha kazi, wakiwemo wahudumu ambao kazi yao ilikuwa kubisha hodi na kueleza.

Sasa macho yako kwenye bima. Kenya imekwisha kubadili mfuko wake wa taifa tangu Oktoba 2024, kwa malalamiko mengi. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, mwaka uleule ambao kadi ya watoto ya Toto Afya, iliyouzwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ilisitishwa kwa mtu mmojammoja kwa sababu waliojiunga wengi walikuwa ni wagonjwa tayari. Igunga walijaribu mfuko wa jamii tangu katikati ya miaka ya tisini, na tatizo lilikuwa hilohilo: mkulima wa pamba huwa na fedha msimu wa mavuno, na maradhi, hasa malaria na kuhara, hupanda wakati wa masika ghala likiwa tupu. Wanaopanga matangazo ya bima mpya wanaweza kuanza kwa kuangalia kalenda ya pamba.